Faili ipo, nywila haipo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana (kama faili ya ZIP, mtanisamehe utani). Leo nataka kujibu swali ambalo watu wa hapa Lodwar huniuliza kuliko lolote lingine la kompyuta. Si la virusi, wala si la printa iliyogoma. Ni hili: "Nina faili imefungwa, nimesahau neno la siri, huna programu ya kuifungua?"

Jibu fupi: programu zipo, nyingine za bure kabisa, na hakuna hata moja inayofanya miujiza. Jibu refu ndilo la leo, kwa hivyo kaa chini uagize chai.

Kwanza kwa wale wageni. Faili iliyobanwa ni furushi. Unachukua picha, barua na vyeti vyako, unavifunga pamoja viwe faili moja ndogo yenye mkia wa .zip, .rar au .7z, na ukipenda unaweka neno la siri. Zamani tulibana ili vitu vienee kwenye disketi, au ili barua pepe ikubali kuvibeba pale saiba ambako kila dakika ililipiwa. Siku hizi watu hubana zaidi kwa ajili ya kufuli kuliko kwa ajili ya nafasi.

Sasa hizi programu. John the Ripper ipo tangu 1996, iliandikwa na Mrusi anayejulikana kama Solar Designer. Hashcat ni ya Jens Steube, na msimbo wake uliwekwa wazi Desemba 2015. Wanaotaka dirisha zuri lenye vitufe hununua ile ya kampuni ya ElcomSoft. Zote kazi yao ni moja: kubahatisha. Zinajaribu neno, likikataa zinajaribu jingine, na jingine, na jingine, usiku kucha, bila kuchoka wala kudai posho.

Kwa hivyo swali la maana ni hili: zinaweza kujaribu maneno mangapi kwa sekunde? Hapo ndipo aina ya faili inapokuwa muhimu. ZIP ya zamani ni kama mlinzi wa lango anayekujibu papo hapo, "Siyo hilo." Laptopu yangu ya kawaida humwuliza kama mara milioni 20 kwa sekunde. Faili ya 7z ni mlinzi mwingine kabisa. Huyu ukimpa neno, kabla ya kukujibu anazunguka boma mara 524,288, kisha ndiyo anasema, "Siyo hilo." (Hiyo si chumvi yangu. Igor Pavlov, aliyeandika 7-Zip, aliipanga isage neno lako mara nyingi hivyo ndipo lipatikane funguo.) Kwa huyu laptopu yangu hupata majibu 80 hivi kwa sekunde. RAR za muundo mpya wa 2013 nazo husaga, mara 32,768.

Tuweke hesabu mezani. Wakenya wengi hutumia namba ya simu kama nywila. Namba za 07 ziko milioni 100 tu. Kwenye ZIP ya zamani hiyo ni kazi ya sekunde tano. Kwenye 7z ni wiki mbili mashine ikiwaka mchana na usiku, na hii ni Lodwar, ambako feni ya laptopu hulia hata ukiwa umefungua barua pepe tu. Neno la herufi ndogo nane lina uwezekano bilioni 209 hivi: saa tatu kwa ZIP ya zamani, zaidi ya miaka 80 kwa 7z. Na ukichanganya herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama zote za kibodi, ukaweka tisa, mashine yangu itahitaji kama miaka milioni 250. Yule Kijana wa Turkana aliyefukuliwa Nariokotome mwaka 1984 aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kama angeianza kazi hiyo akiwa hai, leo tusingekuwa tumefika hata asilimia moja.

Ndiyo maana nawaomba mkome kupakua zile programu za "fungua RAR yoyote kwa dakika moja". Haziwezi. Nilizoziona mimi zilikuwa ama mtego wa kukutaka ujaze fomu na namba ya simu, ama virusi waziwazi. Mtu anakuja na faili moja iliyofungwa, anaondoka na kompyuta nzima iliyofungwa.

Lakini kuna njia ya pembeni, nayo naipenda sana. Mwaka juzi alikuja mwalimu mstaafu wa hapa mjini na CD iliyochakaa. Mwaka 2007 alikuwa amezunguka na kinasa sauti akiwarekodi wazee, habari za ukame, za mifugo na za koo, akazifunga zote kwenye ZIP yenye nywila. Wengi wa wazee hao wameshazikwa. Nywila aliikumbuka mwaka mmoja, wa pili akaisahau. Nikamuuliza, "Mzee, kati ya vilivyomo humo, kuna hata kimoja ulicho nacho nje, hakijafungwa?" Akafikiri. Ilikuwepo picha moja ya mzee chini ya mti ambayo binti yake alikuwa nayo Eldoret.

Picha hiyo ilitosha. Kufuli la ZIP ya zamani, lile lililoenea na programu ya PKZIP ya Phil Katz kuanzia 1989, lina ufa. Eli Biham na Paul Kocher waliuonyesha mwaka 1994: ukiwa na kipande cha kilichomo ndani katika hali yake ya wazi, unaweza kurudi kinyumenyume ukapata funguo zenyewe. Programu inayoitwa bkcrack huridhika na baiti 12 tu, mradi ziwe ni zile zile baada ya kubanwa. Tulibana picha ile jinsi ilivyobanwa mara ya kwanza, tukaipa programu, na kabla chai haijapoa zikatoka namba tatu ndefu. Rekodi zote zikafunguka. Mwalimu akakaa akisikiliza sauti ya kwanza mpaka mwisho, haongei. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo neno langu lilikuwa lipi?" Nikamwambia sijui, mwalimu, na hatukulihitaji. Hakupendezwa kabisa na jibu hilo. Hadi leo tukikutana sokoni ananiuliza kama nimelipata.

(Ufa huu umewahi kuwa na bei kubwa. Mwaka 2019 Mrusi mmoja alimtafuta Mike Stay, aliyeandika kuhusu mashambulizi haya mwaka 2001, kwa sababu funguo za bitcoin zake zilikuwa ndani ya ZIP na nywila imepotea. Zilikuwa na thamani ya dola 300,000 hivi. Stay alifaulu, akasimulia habari hiyo mwaka 2020. WinZip nayo ilishahamia kwenye AES miaka ya 2003 na 2004, kwa hivyo usitegemee ufa huo kwa kila ZIP.)

Pale pasipo na ufa, inabaki kubahatisha kwa akili. Hapa ndipo sisi watu wa huku tuna shida yetu. Programu hizi hutumia orodha za maneno, na mama wa orodha zote ni ile iliyovuja kutoka RockYou mwaka 2009, nywila milioni 14 tofauti. Imejaa majina ya Wamarekani na wapenzi wao. Sheria zilizokuja na programu nazo zimezoea Kiingereza: chukua neno, ongeza kitu mwishoni. Lugha zetu hubadilika mwanzoni! Kiturukana kwa mfano: mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Ekiru au Lokiru, msichana ni Akiru au Nakiru. Mzizi ni ule ule, kichwa ndicho kinachogeuka. Kiswahili nacho, mpenzi, wapenzi, kipenzi. Nimejiandikia sheria zangu za kubadilisha vichwa vya maneno, pamoja na orodha ya majina ya watu, ya mito na ya ng'ombe. Msicheke. Mwanamume wa huku anaweza kusahau tarehe aliyooa lakini si jina la fahali wake. Orodha hiyo ndogo imenifungulia faili nyingi kuliko RockYou yote.

Na kabla ya orodha huja swali jingine: faili ni ya nani? Kijana mmoja aliniletea RAR akasema ni yake. RAR ile haikuficha majina ya vilivyomo, na majina yalikuwa orodha za mishahara ya ofisi fulani. Nikamrudishia fleshi yake. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 inaniambia nisiingie pasipo ruhusa, na ile ya ulinzi wa data ya 2019 inalinda watu walio kwenye orodha ile. Lakini hata bila sheria, fundi wa kufuli akikutwa usiku mlangoni kwa jirani ataeleza nini?

Sasa kuna faili ambazo mwenyewe hayupo tena, na hapa nataka kukaa kidogo.

Mwaka 2022 nilipigiwa simu na dada mmoja Mkongo aliyeko kambi ya Kakuma, karibu kilomita 120 kutoka hapa kwa barabara ya kwenda Lokichoggio. Kambi hiyo ipo tangu 1992 na ina watu wa mataifa mengi, Wakongo wakiwemo. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa familia: karatasi zote alizipiga skani, akazifunga kwenye 7z moja. Karatasi zenyewe ziliharibika mto Tarach ulipofurika na maji yakaingia nyumbani. Ndani ya faili ile kulikuwa na diploma ya serikali ya dada huyu, ile wanayoipata Kongo wakimaliza sekondari, na alikuwa anaomba nafasi ya kusoma. Zimebaki siku tisa kabla ya dirisha kufungwa.

"Lakini neno tunalo," akasema. "Yaya alimwambia mama." (Wakenya, msichanganyikiwe: kwa Wakongo yaya ni kaka au dada mkubwa, si mfanyakazi wa nyumbani.) Neno lilikuwa jina pamoja na mwaka walioikimbia nyumba. Sitaliandika hapa. Tuchukue mfano wa uongo, amani2009. Walilijaribu kwenye simu, kwenye saiba, kwenye kompyuta ya jirani. Linakataa kila mahali.

Akanitumia faili. Kesi rahisi, nikadhani wenzangu mngesema hivyo: neno linajulikana, kuna herufi moja tu imekosewa. Nikaipa John the Ripper jina hilo kwa herufi kubwa na ndogo, mwaka mbele, mwaka nyuma, tahajia ya Kifaransa, majina ya ndugu wote, miaka yote. Maneno 40,000 yakaisha kwa dakika nane. Nikapanua hadi milioni 12. Hiyo ni zaidi ya saa 40 za mashine. Umeme ulikatika mara mbili, ila John hukumbuka alipofika, ukimwamuru aendelee anaendelea. Laptopu niliiweka juu ya vipande viwili vya tofali, feni ya mezani ikiipulizia. Jibu likawa: hakuna.

Dada hakuwa na kibali cha kusafiri, kwa hivyo nilikwenda mimi. Nilitaka pia kumwona mama yao, kwa sababu faili ya marehemu si ya aliyepiga simu peke yake. Tulikaa nje kivulini, mama, dada na mdogo wao wa mwisho. Nikawaeleza kwamba nikiweza kuifungua, mimi sitaangalia, na nikauliza kama wote wanataka. Mama akasema, "Fungua, mwana wangu. Ni ya watoto."

Halafu nikaacha kompyuta nikauliza habari za mtu. Alikuwa nani, alifanya kazi gani? Mpiga chapa, wakasema, ofisini Uvira, miaka mingi. Alipiga chapa huku anaongea na wewe, macho yako hapa, vidole viko kule. Na hapa Kakuma? Dada akacheka kidogo. "Hapa aligombana na mashine. Alisema herufi haziko fasi yake."

Nikasimama.

Kibodi za Kongo ni za Kifaransa. Pale ambapo yetu imeanza na Q, yao ina A. M yao iko kulia kwa L, mahali ambapo sisi tuna nukta-mkato. Na tarakimu zao za juu hazitoki mpaka ubonyeze Shift. Mtu aliyezoea kibodi ile akiandika barua kwenye kibodi yetu anaona kosa mbele ya macho, anafuta, anarekebisha. Lakini nywila haionekani! Ni nyota tupu, na mbele ya nyota vidole hufanya walichofundishwa. Programu ilimwambia arudie neno, akarudia vile vile, zikalingana. Kila alipofungua faili ile, vidole vilipita njia ile ile. Alikufa akiamini neno lake ni amani2009, na kwa vidole vyake ndilo lilikuwa. Kwa kompyuta lilikuwa q;qni@))(

Herufi tisa, zenye alama tano. Kwa kubahatisha, ile miaka milioni 250. Na neno tulikuwa nalo tangu simu ya kwanza.

Nilichora kibodi mbili kwenye daftari, ya Uvira juu na ya Kakuma chini, nikamwonyesha dada kila herufi inaangukia wapi. Jenereta ya mfanyabiashara wa jirani ilikuwa ndiyo imewashwa. Aliandika mwenyewe, polepole, kidole kimoja, mimi nikiwa nimegeukia upande wa mama. Sikuona faili ikifunguka, nilisikia tu mdogo wao akisema, "Ni sisi! Ni ile nyumba!"

Diploma ilikuwepo. Tuliituma jioni ile ile kwa mtandao wa simu yangu, siku mbili kabla ya mwisho. Nakala nyingine tukaziweka kwenye fleshi mbili, moja ya mama na moja ya dada, na nywila mpya wakaichagua wenyewe, sikuuliza ni ipi. Niliwaomba kitu kimoja tu, waiandike kwanza mahali inapoonekana, waisome, ndipo wainakili.

Nilipokuwa nafunga begi dada akaniita. Ndani ya furushi lile kulikuwa na 7z nyingine, ndogo, yenye jina la kaka yake pekee. Neno lile halikuifungua, si kwa kibodi ya Uvira wala ya Kakuma. Akaniuliza kama ninaweza kuijaribu. Nikamwambia kujaribu naweza, lakini yeye anataka? Akamtazama mama yake. Mama alikuwa anamwangalia mtoto wa mwisho akipitisha picha kwenye skrini.

"Iache kwanza," dada akasema. "Tutaongea."

Hawajanipigia juu ya hiyo, nami sijauliza.

Kwa wale wenye faili zao: niandikieni aina yake (ZIP, RAR au 7z), mwaka mlioifunga, na kibodi mliyokuwa mnatumia. Faili yenyewe msinitumie.